Mwaka Tuliochagua Darubini

Mdomo wa birika uligonga ukingo wa kikombe, ukaondoka, ukagonga tena, ndipo chai ikaanza kumiminika. Hiyo ndiyo sauti iliyonishtua kwanza. Nilikuwa chumbani kwangu, chumba cha uani kilichotenganishwa na sebule kwa pazia tu, na mlio ule mdogo ulinifanya niinue kichwa kutoka kitabuni. Katika nyumba ya Mzee Sefu, pale Mengo, Kampala, kikombe cha kwanza cha mgeni kilimiminwa na mwenye nyumba mwenyewe, wala si mkewe wala mtumishi. Ndivyo walivyofanya babu zake waliokuja Buganda na misafara ya biashara kutoka pwani, na ndivyo alivyofanya yeye. Alimimina kutoka juu, mkono ukipanda taratibu na chai ikishuka kama uzi, bila tone kuangukia kisahani. Nilikuwa nimeuzoea mno mlio wa uzi ule, hata nikawa nausikia bila kuusikiliza. Jioni ile mgeni alikuwa jirani, na uzi haukuwapo. Palikuwa na kugonga, kisha kimya, kisha sauti ya Bi Zaituni, mkewe, akisema kwa haraka kuliko desturi yake, "Vikombe hivi vipya vina midomo ya ajabu, vinamsumbua kila mtu." Vikombe havikuwa vipya. Nilikuwa nikivinywea tangu siku niliyofika.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu Mzee Sefu amefariki, na Bi Zaituni amenikabidhi darubini yake. Nilikwenda matangani, nikakaa na wanawake jamvini, nikasaidia kuchambua mchele, na nilipoaga akanitolea kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha kanga. "Alisema ni yako," aliniambia. "Alisema wewe ndiye uliyeichagua." Sasa iko mezani kwangu, kando ya rasimu ya tasnifu ya uzamivu ambayo sijaigusa tangu mazishi. Ngozi ya kamba yake ya shingoni bado ni ngumu, kama ya kitu kisichovaliwa. Mimi niliyefundishwa kuipima kila kauli kabla ya kuiamini nimekuwa nikiipima hiyo moja pande zote. Wewe ndiye uliyeichagua. Inaweza kuwa shukrani. Inaweza pia kuwa lawama, ya aina ile ya kistaarabu ambayo wazee wa nyumba ile waliijua sana, lawama inayobisha hodi ikiwa imebeba zawadi.

Mwaka ule nilikuwa nimevuka ziwa kuja kuanza shahada ya uzamili, nikichunguza ndege wa vinamasi, na mwalimu mmoja alinipeleka kwa Mzee Sefu nipange chumba kwa kuwa hapakuwa na mtu wa Kampala aliyevijua vinamasi vile kama yeye. Alikuwa mwongozaji wa uwindaji wa kibali. Wateja walikuja na bunduki zao na karatasi zao za serikali. Kazi yake ilikuwa kuona kwa niaba yao. Walichotafuta zaidi ni nzohe, swala wa majimaji mwenye kwato ndefu, ambaye akishtuka huzama katika maji na kubakiza pua tu kati ya mafunjo. Nzohe akisikia sauti ya mtu amekwenda, kwa hiyo katika kambi yao neno halikutamkwa. Mteja alilala mbele na bunduki, Mzee Sefu akachuchumaa nyuma yake na darubini, mkono wake wa kushoto ukiwa juu ya bega la mteja. Mkono ukitulia, maana yake ngoja. Ukigonga mara mbili, maana yake piga. Mteja angekuwa tajiri wa namna gani, hakuruhusiwa kufyatua kabla bega lake halijagongwa.

"Mafunjo yale yana wenyewe," alinieleza siku moja tukiwa mezani, akichambua miiba ya sato kwa ncha za vidole bila kuitazama. "Watu wanaingia na miundu yao kukata ya kusukia mikeka. Wanainama. Mvua ikiwalowesha, nguo zao zinakuwa na rangi ileile ya nzohe. Kwa hiyo mwenye darubini anatafuta mtu kwanza, mwanangu. Anatafuta mtu hapa, anatafuta mtu pale, anarudi tena. Akishatosheka kwamba hakuna mtu, hapo ndipo ana ruhusa ya kutafuta mnyama." Alikunywa maji. "Wengine wanaanza na mnyama. Ukianza na mnyama, utamwona tu. Hata kama hayupo."

Darubini yake ya zamani ilikuwa imeingiwa na ukungu wa kinamasi. Ukiielekeza kwenye mwanga uliona ndani ya kioo nyuzi nyeupe kama mizizi. Robati, mkuu wa kambi, aliyejifunzia Kiswahili chake jeshini, alikuja mchana mmoja kula wali na kutoa hukumu. "Mzee, hii kitu imekufa," alisema, akiirudisha mezani. "Tafuta ingine kabla ya msimu. Mimi siwezi kwenda na mteja na wewe hapana darubini."

"Huyu binti atanichagulia," Mzee Sefu akajibu. "Wao chuoni wanamtazama ndege mpaka wanajua alichokula jana."

Robati alinigeukia, akaniita bibi kwa Kiganda. "Nnyabo, basi chagua muzuri. Huyu mzee ni macho ya kambi yote. Mimi mwenyewe huko ndani naangaria mkono yake tu."

Nililichukua jukumu hilo kama ninavyochukua kila jukumu, yaani kupita kiasi. Kwa miezi kadhaa, kila nilipopata nafasi, tulishuka pamoja hadi soko la Owino, kwenye kibanda cha Papa Deo, mkimbizi kutoka Bukavu aliyeuza kamera, saa na darubini zilizokwisha kutumika Ulaya. Nilikuwa na kanuni zangu. Darubini huandikwa kwa namba mbili: ya kwanza husema inavuta mara ngapi, ya pili husema kioo cha mbele kina upana gani. Mwindaji asiyejua hukimbilia inayovuta sana, kumbe kinachovuta taswira huvuta na mtetemo wa mkono. Na kwa kuwa nzohe huonekana alfajiri na magharibi, mwanga ni muhimu kuliko ukubwa. Kwa hiyo nilitaka nane kwa arobaini na mbili, iliyozibwa isiingie maji. Nilitikisa kila moja karibu na sikio nisikie kama kuna kioo kilicholegea ndani. Nilinusa nione kama kuna ukungu. Nilitazama maandishi ya duka la mbali kuhakikisha kwamba yale maduara mawili yanaungana kuwa moja bila kuvutana.

"Mama mudogo, unanusa darubini kama samaki," Papa Deo alilalamika. "Chukua hii, kumi kwa hamusini. Hii inavuta, eh. Unasimama hapa unaona mutu ya Entebbe anakula."

"Anakula nini?" Mzee Sefu aliuliza.

Papa Deo alijiwekea darubini machoni, akaielekeza kwenye ukuta wa kibanda cha jirani. "Samaki, Mzee."

"Basi haijafika Entebbe. Leo Ijumaa, wanakula pilau."

Wote wawili walicheka, na mimi nikacheka, lakini ile kumi kwa hamsini nikaikataa. Nilizokubali mimi, alizikataa yeye. Aliziinua, akazungusha gurudumu la katikati, kisha akaishika ile pete ndogo ya jicho la kulia, inayosahihisha tofauti ya jicho moja na lingine, akaizungusha hadi mwisho, akairudisha hadi mwisho wa pili, taratibu, kama mtu anayetafuta kituo cha redio. Kisha akasema, "Kioo kimechoka." Yalikuwa ni maneno hayo kila mara. Nami, kwa kuwa nilimheshimu, niliyachukua kama kipimo. Nilirudi nyumbani nikasoma kuhusu rangi zinazopakwa juu ya vioo, nikauliza chuoni, nikarudi Owino na maswali mapya ambayo Papa Deo aliyajibu kwa kunihurumia. Sikosi kushangaa sasa ni muda gani mtu anaweza kukichunguza kioo bila kumtazama aliye upande wa pili wa kioo. Lakini nyumba nzima ilinisaidia nisimtazame. Viti vya sebuleni havikuhamishwa hata kwa kufagia. Bi Zaituni alifagia kuvizunguka. Sahani ya Mzee ilipakuliwa vilevile siku zote, mboga upande wa kulia, samaki upande wa kushoto. Gazeti alisomewa, kwa madai kwamba sauti ya mkewe ilimpumzisha. Vitu hivi nilivipenda. Niliviona kuwa ni mapenzi ya watu waliooana siku nyingi, na sidhani kwamba nilikosea.

Msimu ulipokaribia, Papa Deo alipata darubini niliyokuwa nikiitafuta, nane kwa arobaini na mbili, nzito, safi, iliyozibwa vizuri, na akatuazima tukaijaribie nyumbani kabla ya kuinunua. Ilikuwa alasiri, mvua imekatika punde, na baraza ya nyuma ya nyumba ile inatazama bonde na majengo ya ng'ambo ambako kaloli, wale korongo wakubwa wenye upara wanaozunguka majalala ya Kampala, hupenda kutua. Mzee Sefu alikaa, nikakaa mbele yake kidogo, ngazini. Nilisikia gurudumu likizunguka, kisha pete. Kisha pumzi ikamtoka, ndefu.

"Hii," alisema. "Mwanangu, hii ndiyo. Mtazame yule kaloli juu ya jengo la bati jekundu. Dume kubwa. Amejikunja, kichwa ameinamisha, yuko peke yake." Mkono wake wa kushoto ulikuwa begani kwangu, alikuwa ameuweka hapo bila kufikiri, kwa mazoea ya kazi. Akanigonga mara mbili, kwa furaha, kama ambavyo angemgonga mteja wake, akanipitishia darubini.

Nilitazama. Katika duara lile safi, lenye mwanga wote niliokuwa nimeupigania, palikuwa na mwanamume amechuchumaa kando ya tangi la maji, kavaa koti la kijivu, kichwa kimenyolewa, akikaza bomba. Niliiona spana mkononi mwake. Niliishusha darubini nikamtazama kwa macho matupu, nikidhani labda Mzee alimaanisha jengo jingine. Bati jekundu lilikuwa moja. Na hata bila kioo chochote, kwa umbali ule, alikuwa mtu.

"Umemwona?" aliniuliza.

"Nimemwona, Mzee."

Bi Zaituni alikuwa ametokea mlangoni na sinia ya chai. Alimtazama mumewe, ambaye sijapata kumwona na uso mchangamfu namna ile. Akatazama ng'ambo, akanitazama mimi. "Kaloli wamezidi mwaka huu," alisema, na akaweka kikombe katika kiganja cha mumewe, akivifunga vidole vya mumewe, kimoja baada ya kingine, kukizunguka kikombe. Sikunywa chai yangu. Nilibaki ngazini nikimtazama yule fundi mpaka akakusanya vyombo vyake, akashuka ngazi ya chuma, akapotea nyuma ya ukuta.

Kesho yake niliporudi mapema kutoka chuoni, niliwakuta Bi Zaituni na dada yake, Bi Rehema, jikoni, wakikatakata vitunguu. Hawakunisikia nikiingia. Nilikaa kitandani na viatu vyangu, pazia likiwa limeshushwa, nikasikia.

"Amefurahi, eh?" Bi Rehema aliuliza.

"Amelala nayo kitandani, kando ya mto."

"Na atakwenda."

"Atakwenda."

"Zaituni."

"Nani amwambie, Rehema? Mimi? Nimkalishe mume wangu barazani awe anangoja adhana mpaka adhana? Yule ni mtu wa porini. Na Robati yuko huko, ana macho yake."

"Robati anasema Mzee yuko, ana macho yake," Bi Rehema alijibu. "Ndivyo walivyo wanaume. Kila mmoja anaona kwa macho ya mwenzake." Walicheka, kicheko cha watu wenye machozi ya vitunguu, kisha visu vikaendelea.

Hapo ndipo nilipoelewa utaratibu wa nyumba ile: viti, sahani, gazeti, vikombe vyenye midomo ya ajabu. Adabu yao iliwakataza kumwonyesha mkubwa upungufu wake, na wote waliitimiza adabu hiyo kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba hata yeye mwenyewe walikuwa wamemficha. Alijua kitu, asiyejua hazungushi pete ile namna ile. Lakini kila alipotaka kukishika, mkono wa mtu ulimtangulia na kukiondoa njiani. Aliamini kuwa kasoro iko katika kioo kwa sababu kila mtu aliyempenda alimwambia hivyo, na mimi, pamoja na vipimo vyangu, nilikuwa nimetumia miezi yote ile kumtafutia kioo kisicho na kasoro ili asibaki na shaka yoyote.

Nilitegemea Robati. Alikuja Alhamisi kupanga safari, na wakati wa kula nilimuuliza, kwa namna ya mwanafunzi anayetaka kujua tu, kama naye hutazama kabla ya mteja kupiga. Alinishangaa. "Mimi natazama nini, nnyabo? Mimi nakaa nyuma na redio. Mkono ya Mzee ikigonga, imekwisha." Kisha, kwa Mzee: "Jumamosi asubuhi nakuja na gari. Wateja ni wawili. Ile kinamasi ya chini, watu wa mikeka wako wengi mwaka huu, lakini na darubini mupya hakuna shida."

"Hakuna shida," Mzee Sefu alisema. Bi Zaituni aliongeza wali katika sahani ya Robati, ingawa hakuomba.

Siku ya Ijumaa nilikwenda Ggaba, ufukweni mwa ziwa, ambako nilikuwa na kazi ya kutazama ndege kando ya mwalo wa samaki. Sikutazama ndege hata mmoja. Nilikaa juu ya kreti la mbao karibu na akina mama waliokuwa wakiparua magamba, nikayapanga mawazo yangu kama hoja za karatasi ya semina. Kumwambia Robati kungekuwa rahisi, lakini kungemfanya Mzee aondolewe kazini na kijana aliyefundishwa na yeye mwenyewe, kwa maneno ya mpangaji wake. Kumwambia Bi Zaituni kusingekuwa kumwambia mtu jambo asilolijua. Kumwambia Mzee mwenyewe, ana kwa ana, katika sebule ile, nilijaribu asubuhi ile: nilikaa mbele yake, nikafungua mdomo, na akaniuliza kwa upole kama nimekosa usingizi, na mkewe akaja na mkate. Kulikuwa na hoja nyingine pia, nayo niliigeuza kwa muda mrefu kuliko zote: kwamba labda ilikuwa ni mara moja tu, mwanga wa baada ya mvua, koti la kijivu. Niliigeuza hoja hiyo mpaka nikamwona waziwazi akilini mtu aliyeinama katika mafunjo, ambaye sikumjua na ambaye asingejua kamwe kwamba mimi nilikuwa nafikiri.

Mama mmoja aliyekuwa karibu nami aliniona na simu mkononi. "Nnyabo, piga tu," alisema, bila kuacha kisu chake. "Akikataa, utamwacha." Alidhani ni mambo ya mapenzi. Sikumsahihisha, kwa sababu kwa namna fulani hakukosea.

Nilimpigia Mzee wakati niliojua amekwisha kurudi kutoka msikitini. Simu ilikuwa na faida moja niliyoigundua pale pale, nikiwa nimeiweka sikioni: sikuuona uso wake, naye hakutakiwa kuuona wangu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula." Sikuwa nimekula. "Mzee, yule wa juu ya bati jekundu hakuwa kaloli."

Nilisikia redio ya sebuleni, na kijiko cha mtu kikikoroga.

"Alikuwa nini?"

"Alikuwa mtu, Mzee. Fundi wa matangi. Hata bila darubini alikuwa mtu."

Kijiko kiliacha kukoroga. Nilitarajia hasira, na nilikuwa nimeiandalia majibu. Nilitarajia aniambie kwamba mimi ni mtoto, kwamba mwanga ulikuwa mbaya, kwamba kioo kimechoka.

"Na mimi nilikugonga begani," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

Alipumua. Upepo wa ziwa ulikuwa ukiingia katika simu, nikaugeuzia mgongo ili nisipoteze neno lake hata moja.

"Alishuka salama?"

"Alishuka, Mzee," nilisema. "Nilimtazama mpaka akashuka."

"Alhamdulillahi," alisema, na akalirudia, polepole. Kisha nikasikia sauti yake ikigeukia upande mwingine, mbali kidogo na simu, ikiita kuelekea jikoni, pasipo haraka na pasipo kunong'ona, ili aliye nyumbani mle asikie: "Zaituni. Njoo unitafutie namba ya Robati. Mimi siioni."